Mmerudisha abiria, rudisheni na mabasi: barua ya wazi kwa wakuu wa jiji

Waheshimiwa wakuu wa jiji, wakurugenzi wa usafiri, na kila mwenye kalamu ya kutia saini ratiba ya mabasi na treni,

Salamu kwanza. Niseme mapema, asije mtu akanilisha maneno: sipingi kuondolewa kwa masharti ya korona. Nilishangilia kama wengine. Usiku wa kwanza baada ya amri ya kutotoka nje kuondolewa, nilikaa barazani hadi saa tano bila sababu yoyote, nikitazama watu wanavyopita na kusikiliza viatu vyao. Sikuwa nimejua kwamba sauti ya viatu vya watu usiku ni kitu ambacho mtu anaweza kukitamani.

Linalonifanya niandike ni jambo moja. Jiji mmelifungua, lakini magari mmeyaacha yadi. Mmewaita watu warudi maofisini, shuleni na viwanjani, halafu mkawaachia ratiba ileile ya dharura mliyoitunga wakati barabara zilikuwa tupu. Katazo la kujaza gari limeondoka kwa tangazo la dakika mbili. Kurudi kwa mabasi yaliyopunguzwa hakujatangazwa popote.

Mimi nafua mashuka ya hospitali. Si kazi inayotajwa kwenye hotuba, ingawa mwaka 2020, tulipoambiwa tuwapigie wauguzi makofi, mashuka waliyolalia wagonjwa wao yalikuwa yakipita mikononi mwangu. Zamu yangu inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Kwa miaka mingi nilipanda basi la saa kumi na dakika kumi alfajiri, na tulikuwa kundi lilelile kila siku: walinzi wanaokwenda kupokea lindo, wasafishaji wa maofisi, wachuuzi wanaowahi mzigo sokoni, na kijana mmoja mwoka mikate aliyekuwa akisinzia tangu anapokaa mpaka kituo chake, na hakuwahi kupitilizwa hata mara moja. Hatukujuana majina. Tulijuana kwa viti.

Aprili 2020 basi lile likaondolewa. Kondakta akatuambia ni kwa muda. "Kwa muda" hiyo sasa imepita miaka miwili. Leo, Juni 2022, basi la kwanza linapita saa kumi na moja na nusu, na likifika hospitali zamu imeshaanza. Kwa hiyo natembea dakika hamsini gizani hadi barabara kuu, kunakopita njia nyingine ya mabasi. Funguo nazishika mkononi, ncha zikitokeza kati ya vidole. Wanawake wasomaji wa barua hii hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Mwezi Aprili nilikwenda ofisini kwenu kuuliza. Nikasubiri, nikafika dirishani, nikaeleza. Afisa aliyekuwa pale alikuwa mpole, sina ugomvi naye. Akafungua kompyuta, akatazama, akasema: "Saa hizo hakuna abiria, mama. Takwimu ndizo zinazosema." Nikamuuliza abiria watahesabiwaje kwenye basi ambalo halipo. Akacheka, akasema hilo ni swali la wakubwa, niandike barua. Basi ndiyo hii.

Naelewa hesabu zenu zilikotoka. Watu walipokaa nyumbani nauli zilikauka, na gari tupu linakula mafuta sawasawa na gari lililojaa. Madereva wengine walistaafu, wengine wakatafuta kazi nyingine, wengine wakafa. Dereva mpya hapatikani kwa wiki moja. Na wale wa maofisini, ambao zamani walikuwa wakijaza magari siku tano, sasa wengi wanakuja siku mbili tatu na siku zilizobaki wanafanyia kazi nyumbani. Mkijumlisha wiki nzima na kugawanya, mnapata wastani unaosema abiria wamepungua, na wastani huo ni wa kweli. Tatizo ni kwamba hakuna mtu anayesafiri ndani ya wastani. Mimi nasafiri alfajiri ya Jumanne.

Tazameni New York. Aprili 2020 abiria wa treni za chini ya ardhi walipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Wale wachache waliobaki hawakuwa wasafiri wa starehe. Ni watu ambao kazi zao haziwezi kufanyiwa kwenye meza ya nyumbani: kufagia, kulinda, kuuguza, kupika, kupanga bidhaa rafuni. Gonjwa lilifanya kazi ambayo hakuna mtafiti angeweza kuifanya kwa fedha zote za dunia. Liliwaondoa wote wenye uwezo wa kubaki nyumbani, likawaacha peke yao wale ambao jiji haliwezi kusimama bila wao. Orodha ya abiria wa wakati ule ilipaswa kuwa ndiyo msingi wa ratiba ya kufungulia jiji. Badala yake saa zao ndizo zilizokatwa kwanza. Kule kule New York, tarehe 6 Mei 2020, treni ambazo watu walizoea kuzikuta saa yoyote ya usiku zilianza kusimamishwa kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ili mabehewa yasafishwe. Zilirudi kufanya kazi saa 24 tarehe 17 Mei 2021, baada ya zaidi ya mwaka mzima.

London nako. England iliondoa karibu masharti yote tarehe 19 Julai 2021, na kumbi za dansi zikafunguliwa usiku uleule. Treni za chini ya ardhi za usiku wa wikendi, zilizosimamishwa Machi 2020, zilirudi mwisho wa Novemba 2021, tena kwa njia mbili tu kwa kuanzia, baada ya maelfu ya watu kusaini ombi lililohusu usalama wa wanawake wanaorudi nyumbani usiku. Hesabuni wenyewe: miezi minne ambayo jiji liliruhusu watu watoke usiku bila kuwarudishia treni ya kurudi nayo. Wa dansi angalau alikuwa na hiari ya kubaki nyumbani. Aliyekuwa akiosha glasi za huyo wa dansi hakuwa nayo.

Hapa ndipo naomba mnielewe vizuri, kwa sababu mkinijibu kwamba "mambo yanarudi polepole" nitajua hamkusoma. Polepole si tatizo. Tatizo ni mpangilio, nani anatangulia na nani anafuata. Chukueni mfano wa njia iliyokuwa na mabasi sita kwa saa. Wakati wa masharti mkayapunguza yakawa matatu, kila moja likibeba nusu ya abiria. Kisha mkaruhusu gari lijae, na mabasi yakabaki matatu. Abiria wakirudi robo tatu tu, tayari kila basi limebeba mmoja na nusu kwa kila mmoja aliyekuwemo kabla ya korona. Yaani abiria wamepungua na msongamano umeongezeka, yote kwa siku moja. Ndiyo maana tunashangaa tukisikia kwenye redio kwamba usafiri una nafasi tele. Labda nafasi hizo zipo saa tano asubuhi.

Na msongamano si kero ya kukanyagwa vidole tu. Ngoja nieleze kisa cha basi moja, maana nadhani kila anayepanga usafiri wa jiji angetakiwa kukijua kama anavyojua namba yake ya simu. Januari 2020, katika jimbo la Zhejiang nchini China, mabasi mawili yaliwapeleka watu kwenye ibada, safari ya dakika hamsini kwenda na hamsini kurudi. Katika basi moja kulikuwa na watu 68, mmoja wao akiwa ameambukizwa bila kujua. Viyoyozi vilikuwa vikizungusha hewa ileile ya ndani. Watu 23 kati ya waliokuwa naye wakaambukizwa, wakiwemo waliokaa mbali naye kabisa. Katika basi la pili, lililokwenda ibada hiyohiyo, hakuambukizwa hata mmoja. Na ndani ya lile basi la kwanza, waliokaa karibu na mlango na karibu na madirisha yanayofunguka karibu wote walisalimika.

Kisa hicho kilichapishwa na wataalamu mwaka 2020 huohuo, lakini miji mingi iliendelea kupulizia dawa viti na nguzo za kushikia kana kwamba virusi vilikuwa vimekaa pale vikisubiri mkono. Taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, ilikuja kueleza Aprili 2021 kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa mahali penye virusi kwa kawaida ni chini ya mara moja katika 10,000. Shirika la Afya Duniani, ambalo Machi 2020 lilikuwa limetangaza kwamba korona haisambai kwa hewa, lilifika mwaka 2021 likieleza wazi kwamba chembe ndogo zinaweza kubaki hewani ndani ya nyumba zilizosongamana na zisizopitisha hewa. Simlaumu aliyepuliza dawa mwaka 2020. Hata mimi nilikuwa nikiosha sarafu kwa sabuni na kuzianika dirishani, jirani akadhani nimepata kichaa. Lakini leo ni 2022. Katika basi ninalopanda sasa bado kuna bango la kujivunia kwamba gari limenyunyiziwa dawa, na chini ya bango hilo kuna dirisha lililofungwa kwa skrubu.

Narudia: kwa skrubu. Dirisha lilitengenezwa lifunguke, na mtu akalikaza ili kiyoyozi kisipoteze baridi. Kiyoyozi chenyewe kimekufa. Abiria tunakaa ndani ya chupa. Mvua ikinyesha ndiyo usiseme, hata vile vidirisha viwili vya nyuma vinavyofunguka hufungwa, na mwenye kikohozi hukohoa akitazama chini kwa aibu.

Kwa hiyo, kama hamna fedha za kufanya lolote lingine katika barua hii, tumeni mtu mwenye bisibisi. Siku moja yadini ingetosha. Hewa si kwa ajili ya korona peke yake. Kifua kikuu kilikuwepo kabla yake na bado kipo, nacho husambaa kwa hewa. Mafua nayo hayajawahi kusubiri tangazo la serikali. Na kwa magari mtakayonunua kesho, wekeni sharti kwenye zabuni kwamba dirisha lifunguke, au mashine iingize hewa ya nje badala ya kuzungusha pumzi zetu.

Jambo jingine ni la saa. Tulipokuwa na kafyu mliona kinachotokea mkiwapa watu wote saa ileile ya mwisho. Mombasa, siku ya kwanza ya amri ya kutotoka nje, 27 Machi 2020, wafanyakazi walijazana kwenye kivuko cha Likoni wakiwahi feri kabla ya saa moja jioni. Polisi wakawapiga na kuwarushia mabomu ya machozi, watu wakakohoa na kutemeana mate kwa ajili ya amri iliyowekwa ili wasiambukizane. Nairobi, jioni moja ya Aprili 2021, magari yalizuiwa barabara ya Thika kwa sababu saa mbili usiku, kafyu ilipoanza, ilikuwa imepita, na watu wakakwama humo kwa saa nyingi, magari ya wagonjwa yakiwa katikati. Mnaofuatilia mambo hayo mtasema hizo ni habari za kafyu, na kafyu Kenya iliondolewa tangu 20 Oktoba 2021. Ni kweli. Ila kosa lenyewe halikuondoka, limehamia asubuhi. Jiji zima limeitwa lifike kazini saa mbili, maofisi na shule na mabenki na viwanda, kana kwamba miaka miwili iliyopita haikutufundisha kwamba kazi nyingi zinaweza kuanza saa tatu au saa nne bila mbingu kuanguka. Nyinyi wenyewe ni waajiri wakubwa. Watumishi wa jiji wakigawanywa, kundi moja lianze saa moja na jingine saa tatu, msongamano utapungua bila kununua hata gari moja. Tokyo ilianza kuwahimiza waajiri wafanye hivyo mwaka 2017, kabla ya yeyote kati yetu kulisikia neno korona, kwa sababu tu treni zilikuwa zimejaa kupita kiasi.

Tena wakumbukeni watoto. Uganda shule zilifunguliwa Januari 2022 baada ya karibu miaka miwili. Fikirini mtoto aliyeacha shule akiwa na miaka sita akarudi akiwa na nane. Hajawahi kupanda gari la abiria peke yake, hajui kushuka upande gani, na mkoba umemzidi ukubwa. Huyo naye yuko kwenye basi la saa moja na nusu pamoja na watu wazima waliochelewa. Kila nikimwona mmoja amebanwa tumboni mwa watu namsogeza mbele yangu, naye ananitazama kama mwizi.

Nauli. Hapa nitajizuia, maana nikianza sitamaliza. Mwaka 2020 magari yalipotakiwa kubeba nusu, wenye magari katika majiji mengi walipandisha nauli, Nairobi na Kampala zikiwemo. Tukaelewa. Kiti kitupu lazima kilipiwe na mtu. Lakini kile kiti sasa kina mtu, tena na mwingine amesimama pembeni yake, na nauli haikushuka kama ilivyopanda. Wahenga walisema kufa kufaana. Najua mafuta yamepanda tangu vita vya Ukraine vilipoanza Februari. Hilo ni kweli na sitaki kulificha. Ninachoomba ni uwazi: kwenye nauli ninayolipa leo, sehemu ipi ni ya mafuta, na sehemu ipi ni ya kile kiti kilichokuwa kitupu mwaka 2020? Bandikeni kituoni tuisome. Na msituambie kwamba nauli ni jambo lililo nje ya uwezo wa serikali. Mwezi huuhuu wa Juni 2022 Ujerumani imeanza kuuza tiketi ya euro 9 kwa mwezi, kwa miezi mitatu, inayomruhusu mtu kupanda mabasi, tramu na treni za kawaida nchi nzima. New York, kwa miezi kadhaa ya 2020, abiria wa mabasi walipandia mlango wa nyuma bila kulipa ili dereva asisogelewe. Nauli hupangwa na watu waliokaa mezani.

Njia za baiskeli nitazigusa tu. Bogotá waliweka koni barabarani Machi 2020 wakapata makumi ya kilomita za njia mpya kwa muda mfupi sana. Paris wakaigawa barabara ya Rivoli kwa waendesha baiskeli, na hawakuirudisha kwa magari binafsi. Sisi tuliwekewa koni pia. Zilidumu kwa muda wa kupigwa picha.

Sasa tangi la maji. Kituoni kwetu mlitujengea sehemu ya kunawia mikono, bomba nne, sinki la zege, na ukutani jina la mfadhili kwa herufi kubwa kuliko maandishi ya kunawa. Kwa mwaka mmoja na nusu palikuwa mahali pazuri kuliko pote pale kituoni. Wachuuzi walinawa, makondakta walinawa, watoto walicheza na maji wakafukuzwa, madereva wa masafa walisukutua usingizi usoni. Masharti yalipolegea maji yakakatwa. Leo lile sinki linatumika kama jaa la vikombe vya karatasi. Hakuna aliyewahi kueleza kwa nini mikono inayopaswa kuwa safi wakati wa janga haina haja ya maji baada yake. Mradi ulikuwa umeshajengwa! Iliyobaki ilikuwa bili ya maji.

Barakoa sina mengi ya kusema. Imeondolewa kuwa sharti, sawa. Ila angalieni namna mnavyotangaza. Tarehe 18 Aprili mwaka huu wa 2022 jaji mmoja wa Florida alibatilisha sharti la barakoa kwenye usafiri wa Marekani, na abiria wengine walitangaziwa wakiwa angani. Aliyekuwa amepanda ile ndege akiwa na mwili usiomudu maambukizi, akitegemea kwamba wote watavaa, angeshukia wapi? Tangazo la kulegeza linahitaji siku zake za kujiandaa kama lile la kukaza, maana kuna ambao ulegezaji wetu ni hatari kwao. Naomba tu kondakta aagizwe asimcheke anayevaa. Wiki iliyopita alimwambia mzee mmoja, "Mzee, korona imeisha, vua tukuone." Mzee akasema ana figo la kupandikizwa. Gari zima likanyamaza, na kondakta mwenyewe akaenda kufungua kile kidirisha cha nyuma. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa ameambiwa tu.

Na wao pia, madereva na makondakta, wana jambo linalowahusu ambalo hamjalifanya. Idara inayosimamia usafiri wa New York ilipoteza zaidi ya wafanyakazi 100 kwa korona, na Januari 2021 picha zao zikaonyeshwa kwenye skrini za vituo vya treni, abiria wakisimama kuzitazama. London madereva wa mabasi walikufa kwa kiwango kilichofanya watafiti wapewe kazi ya kuchunguza. Hapa kwetu dereva wa lile basi la saa kumi na dakika kumi alifariki Julai 2020. Nilijua miezi minane baadaye, kwa kuambiwa na mchuuzi, kwa sababu hakukuwa na basi la kunifanya nimkose. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kuna familia katika jiji hili zinazopanda mabasi mliyoyapaka rangi mpya, na baba yao hakutajwa hata kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Ninachoomba mnijibu ni haya, na mnijibu kwa maandishi. Ratiba ya dharura ya 2020 inaisha lini? Kama haiishi, iiteni jina lake la kweli, kupunguza huduma, ili tujue tunabishania nini. Safari za kabla ya saa kumi na moja alfajiri na baada ya saa tano usiku zirudi kabla ya kuongeza zile za mchana. Mkitaka takwimu za abiria wa saa hizo msiende kwenye kompyuta. Nendeni kwa wasimamizi wa zamu wa hospitali, kampuni za ulinzi, masoko na viwanda vya mikate, mkawaulize watu wao wanaripoti saa ngapi na wanatoka wapi. Majibu mtayapata kwa siku tatu. Mimi peke yangu, kwa daftari, nimeuliza kazini kwetu: zamu ya asubuhi ya watu 41, ishirini na wanane huingia kabla ya saa kumi na mbili, na kumi na tisa kati yao hutembea sehemu ya njia kwa sababu hakuna gari. Hiyo ni idara moja, jengo moja.

Madirisha nimeshayasema. Maji nimeshayasema.

Wenu,
Mfuaji wa mashuka, zamu ya asubuhi

Nyongeza: Nilikaribia kusahau vibandiko. Mwaka 2020 mlibandika kwenye viti, kimoja ndiyo kimoja hapana, maneno USIKAE HAPA. Mliporuhusu magari yajae hamkutuma mtu wa kuvibandua. Kwa wiki kadhaa watu walisimama huku viti vitupu vikiwaangalia, wengine kwa utiifu, wengine kwa kuogopa kondakta. Kisha mtu, sijui nani, akapita basi zima na kucha zake, akabandua herufi tatu za mwanzo kwenye kila kibandiko. Sasa vinasomeka KAE HAPA. Sarufi imekataa, lakini abiria wameelewa, na viti vyote vinakaliwa. Mwalimu mmoja aliyekuwa amekaa jirani yangu alitoa kalamu ya wino mzito akageuza E kuwa A kwenye kile kilicho mbele yake, akaniambia angalau hicho kimoja kiwe sahihi. Kama mtamtuma yule mwenye bisibisi, mwambieni asikiguse.